Deni la matunzo la 1,320,000: kisa cha baharia wa dagaa, Tanga

Watoto ni wawili, mmoja ana miaka 9, mwingine 5. Wanaishi Makorora na mama yao, ambaye huuza vitumbua na chai kuanzia alfajiri. Baba yao ni baharia kwenye boti ya dagaa inayoshusha samaki kwenye mwalo wa Deep Sea. Sasa ana mke mwingine na mtoto mchanga. Amri ya Mahakama ya Watoto inamtaka atoe shilingi 120,000 kila mwezi, yaani 60,000 kwa kila mtoto, kabla ya tarehe 5. Juu ya hapo anachangia nusu ya gharama za shule na nusu ya matibabu ya hospitali, kwa risiti. Amri ilitolewa Novemba, na mwezi wa kwanza wa kulipa ulikuwa Desemba. Mwisho wa Septemba, miezi 22 baadaye, mama anasema anadai zaidi ya milioni moja na nusu. Baba anasema hadaiwi hata laki tano.

Kisa hiki kimeundwa kutokana na hali zinazojirudia pwani. Hakimhusu mtu fulani, na namba zimewekwa ili msomaji aweze kufuata hesabu hadi shilingi ya mwisho. Tunachotetea humu ni kwamba deni la matunzo hulipika likigawanywa kufuata pesa inavyoingia, na mgawanyo huo ukaandikwa na mahakama ileile iliyotoa amri. Likikosa mojawapo, linarudi.

Hesabu kabla ya maneno

Ugomvi wa namba ndio unaovunja vikao vingi vya mwanzo, kwa hiyo kikao cha kwanza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kiwe cha hesabu peke yake. Mama aje na nakala ya amri yenye muhuri wa mahakama, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti za shule na hospitali, na daftari lake kama analo. Baba aje na taarifa ya miamala ya simu kwa miezi yote 22. Picha za meseji hazitoshi, kwa sababu zinaonyesha alizotuma na haziwezi kuonyesha miezi ambayo hakutuma. Taarifa huombwa kwa kampuni ya simu na mtu ambaye laini imesajiliwa kwa jina lake. Kama alikuwa akituma kwa laini ya rafiki, rafiki huyo ndiye wa kuiomba, na ni vyema alifanye hilo mapema maana marafiki huhama.

Miezi 22 mara 120,000 ni 2,640,000. Hicho ndicho kilichopaswa kulipwa, bila kujali nani alimkasirikia nani. Taarifa ya simu ikasomwa mwezi kwa mwezi. Desemba hadi Aprili, miezi 5, alilipa kamili: 600,000. Mei hadi Septemba, miamala sita midogomidogo, jumla 210,000. Oktoba hadi Aprili iliyofuata, miamala minne ya 100,000, jumla 400,000. Mei hadi Septemba ya mwisho, 50,000 ya Idi na 20,000 moja, jumla 70,000. Yote pamoja ni 1,280,000. Pengo ni 1,360,000.

Namba hiyo bado si deni la mwisho, kwa sababu baba anadai kuna alivyotoa nje ya simu. Hapa inafaa kwenda taratibu, dai moja baada ya jingine.

Alitoa 200,000 taslimu mtoto mdogo alipolazwa hospitali ya Bombo kwa malaria. Pesa ilipita mkononi mwa bibi wa watoto, naye amekiri kuipokea. Risiti za matibabu zina jumla ya 140,000. Kwa amri, nusu yake, 70,000, ni wajibu wake tofauti na ile ya mwezi. Kwa hiyo katika 200,000, elfu 70 imelipa wajibu huo na 130,000 inayobaki inapunguza deni. Bibi asingekiri, fedha hiyo ingekuwa ngumu kuthibitisha, na huo ndio ubaya wa kupitisha taslimu kwa jamaa, hata jamaa mwema.

Alileta dagaa, ndoo kadhaa kwa nyakati tofauti. Alinunua viatu vya shule, nguo za Idi na begi. Anavikadiria kuwa na thamani ya 280,000. Hivi havikupunguza kitu. Amri imetaja fedha, na mzazi hawezi kuigeuza kuwa kitoweo kwa uamuzi wake mwenyewe. Kama mama angekuwa amekubali kwa maandishi kwamba begi na viatu vihesabiwe kwenye mwezi fulani, tungevihesabu. Hakuna maandishi ya namna hiyo. Ni haki kusema kwamba baba alivitoa kwa mapenzi na watoto walivivaa, lakini kodi ya chumba cha Makorora hailipwi kwa begi.

Alikaa na watoto wote wawili likizo nzima ya Juni, na anataka 120,000 ya mwezi huo ifutwe. Amri haisemi kwamba matunzo husimama watoto wakiwa likizo kwa baba. Kodi haikusimama. Dai hili nalo limekataliwa, ila ni jambo la busara kuliomba kwa siku za mbele, kwa mfano kwamba likizo ikizidi wiki tatu mfululizo, sehemu ya chakula ipunguzwe.

Wakati wa eda alitoa 300,000. Hiyo ilikuwa matunzo ya mtalaka wake, tena kabla ya amri. Matunzo ya eda na matunzo ya mtoto ni vitu viwili, na kimoja hakilipii kingine.

Upande wa mama nao una nyongeza. Sare, madaftari na michango ya chakula shuleni kwa Januari mbili vina risiti za 180,000. Elimu ya msingi ya serikali haina ada, lakini vitu hivi bado vinatoka mfukoni mwa mzazi. Nusu ya baba ni 90,000, na hakuilipa. Mama alitaja pia 110,000 nyingine za masomo ya ziada, bila risiti. Tuliziacha nje. Mwenye risiti anasikika, asiye nazo anabaki na uchungu wake. Ndiyo maana tunawaomba akina mama wapige picha risiti siku ileile, kwani karatasi za mashine hufifia ndani ya miezi michache.

Basi: 1,360,000 toa 130,000, jumlisha 90,000. Deni ni 1,320,000. Wote wawili wakatia saini ukurasa mmoja wenye hesabu hii, afisa akashuhudia. Tangu hapo namba haijadiliwi tena.

Ami yake baba alikuwa na hoja moja ya mwisho, na inasikika sana mitaani: mtoto mkubwa amepita miaka saba, ni wa baba, kwa hiyo 60,000 yake imekufa. Sheria ya Ndoa ya 1971 ina dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vyema akae na mama, na hata dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Haisemi kwamba akitimiza saba anahamia kwa baba moja kwa moja. Mtoto anakaa alipowekwa na amri hadi mahakama iamue vinginevyo, na matunzo yake yanaendelea mpaka afikishe miaka 18.

Pesa inaingia kwa giza, amri inadai kwa kalenda

Tazama tena miamala. Kusi ya kwanza, yaani msimu wa upepo mkali wa kusini, Mei hadi Septemba, pengo ni 390,000. Msimu uliofuata, wakati bahari imetulia, pengo ni 440,000. Kusi ya pili ni 530,000. Baba huyu hakukataa watoto wake. Alilipa kamili miezi mitano ya mwanzo, kusi ikavuma, akabaki nyuma, na aliporudi kupata hakuweza tena kuikamata namba.

Anayevua dagaa kwa taa anafanya kazi kwenye giza la mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti samaki, na boti nyingi hupumzika. Mgao hufanyika giza linapoisha. Kwa utaratibu wa kawaida wa chombo kama hiki, mauzo yote hujumlishwa, hutolewa kwanza mafuta, barafu na chakula, kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na nyavu na upande wa mabaharia, na mabaharia hugawana kwa mafungu. Fungu la baharia wetu katika miezi 7 ya neema, Oktoba hadi Aprili, ni wastani wa 420,000 kwa giza moja. Miezi 5 ya kusi, boti ikikosa usiku mwingi kwa upepo na mawimbi, anapata kama 170,000. Kwa mwaka ni 2,940,000 na 850,000, jumla 3,790,000, wastani wa karibu 316,000 kwa mwezi.

Sasa angalia tarehe 5. Mwezi wa mwandamo una siku kama 29 na nusu, na 12 yake ni siku 354, kwa hiyo giza husogea mbele ya kalenda kwa siku 11 hivi kila mwaka. Mwaka mmoja mgao unaangukia tarehe 3, na baba analipa bila shida. Mwaka unaofuata unaangukia tarehe 22 ya mwezi uliotangulia, na ikifika tarehe 5 fedha imeshakuwa unga, dawa na deni la duka. Kati ya tarehe 5 moja na nyingine mgao mmoja upo karibu daima. Shida ni kwamba amri inamkuta siku ambayo mfuko umeshakauka.

Kosa la pili lilitokea mahakamani kwenyewe. Amri ilitolewa Novemba, na mapato aliyoyataja baba yalikuwa ya Oktoba. Hakuna aliyeuliza kuhusu Julai. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinaitaka mahakama ipime kipato na mali za wazazi wote wawili, upungufu wowote wa uwezo wa kuzalisha kipato, wajibu kwa watoto wengine, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Yote haya baba angeweza kuyaeleza. Aliona aibu kusema kwamba kuna miezi anapata 170,000, akanyamaza, na ukimya ule umemgharimu kuliko aibu.

(Wanaodhani sheria hii ni kali wakumbuke iliyokuwapo. Sheria ya kikoloni iliyohusu watoto wa nje ya ndoa, iliyofutwa na Sheria ya Mtoto, ilikuwa na ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, na ukomo huo ulidumu hadi fedha hiyo ikawa haitoshi hata kununua andazi.)

Mpango wenyewe

Jambo la kwanza ni kutenganisha ya mwezi na ya deni. Shilingi ya kwanza inayoingia ni ya mwezi huu. Ya deni inafuata. Baba wengi wenye aibu hufanya kinyume: wanapata laki mbili, wanazitupa zote kwenye deni ili waonekane wamejitahidi, halafu mwezi wa sasa unakosa, na deni jipya linaota juu ya lile la zamani.

Ya mwezi ilibaki na thamani ileile kwa mwaka, 1,440,000, kwa sababu mama hakukubali watoto wapunguziwe, na hatuoni sababu ya kumlaumu. Kilichobadilika ni umbo. Miezi 7 ya neema baba analipa 150,000, jumla 1,050,000. Miezi 5 ya kusi analipa 78,000, jumla 390,000. Ukijumlisha ni 1,440,000 kamili. Mama naye anatoa 30,000 kila mwezi wa neema na kuziweka mahali ambapo hazishikiki kirahisi, iwe ni kikoba cha akina mama au akaunti. Zinafika 210,000, na zinampa 42,000 kwa kila mwezi wa kusi. Hivyo nyumba yake inapata 120,000 mwaka mzima. Hili linamtwika mama nidhamu ambayo si kosa lake, na lazima asikilizwe akisema hawezi. Akisema hawezi, njia nyingine ni fedha hiyo ya akiba ikae kwa mtu wa tatu wanayemwamini wote.

Siku ya kulipa ilihama. Sasa ni ndani ya siku 3 baada ya mgao, na kwa vyovyote isipite siku ya mwisho ya mwezi. Sehemu hiyo ya pili ni ya lazima, kwa sababu mahakama haiwezi kukaza, yaani kutekeleza kwa nguvu, amri inayosema "giza likiisha". Inahitaji tarehe.

Deni la 1,320,000 liligawanywa hivi. Miezi ya kusi hailipi deni kabisa. Januari nayo hailipi, kwa sababu ni mwezi wa sare na madaftari na baba ana nusu yake ya kutoa. Miezi 6 inayobaki, yaani Oktoba, Novemba, Desemba, Februari, Machi na Aprili, ni 70,000 kila mmoja. Hizo ni 420,000 kwa msimu. Juu yake, baba anacheza upatu na mabaharia wenzake, watu 10, 40,000 kila mgao tangu Machi iliyotangulia, na zamu yake ni Desemba: 400,000, zote ziende kwenye deni. Msimu wa kwanza unaondoa 820,000 na kubakiza 500,000. Msimu wa pili, Desemba ikiwa 150,000 badala ya 70,000 kwa msaada wa upatu unaofuata, ni 350,000 na 150,000. Deni linaisha Aprili ya msimu wa pili, miezi 19 tangu kuanza.

Je, anaweza? Oktoba: 420,000 toa 150,000 ya watoto, 70,000 ya deni na 40,000 ya upatu, anabaki na 160,000. Februari, bila upatu, 200,000. Kusi: 170,000 toa 78,000 na 40,000, anabaki na 52,000, na kitoweo anachopewa chomboni. Hapo ndipo mpango ulipo mwembamba. Unategemea mke wake wa sasa anayechuuza dagaa wakavu, na vibarua vya kushona nyavu siku ambazo boti haitoki. Tuliwahi kufikiria kumwongezea kasi, 120,000 ya deni kwa mwezi, ili liishe msimu mmoja na kidogo. Kwenye karatasi inapendeza. Baharini, giza moja baya lingeuvunja, na mpango uliovunjika mara moja haurudishiwi imani.

Kuhusu upatu kuna tahadhari. Anayepokea wa mwisho ndiye mwenye hatari kubwa kuliko wote, kwani waliokwisha kupokea wanaweza kuacha kuchanga. Baba aombe zamu ya katikati, au aandike kwenye makubaliano kwamba upatu ukivunjika, 400,000 itagawanywa kwenye miezi ya neema ya msimu wa pili na wa tatu. Tuliona ni salama kuandika yote mawili.

Mkataba wa mtaani hautoshi

Wangeweza kuishia kwa mwenyekiti wa mtaa, au kwa sheikhe aliyewasuluhisha wakati wa talaka. Usuluhishi huo una thamani, na mara nyingi ndio unaowafanya wakae chumba kimoja. Lakini karatasi ya mtaani haibadilishi amri ya mahakama. Amri ya zamani inaendelea kuhesabu 120,000 kila tarehe 5, na ikifika Julai baba akalipa 78,000 kwa uaminifu wote, kisheria ameongeza deni la 42,000.

Kwa hiyo makubaliano yanapelekwa kwenye mahakama ileile, kwa namba ileile ya shauri. Kinachowasilishwa ni maombi ya kubadilisha amri pamoja na hati ya kiapo inayoeleza kilichobadilika: mtoto mchanga, tofauti ya mapato ya misimu, na hesabu iliyotiwa saini. Ushahidi wa mapato kwa asiye na hati ya mshahara ni kazi kidogo. Daftari la mgao la chombo kwa giza za mwaka mzima, likisainiwa na nahodha au mwenye boti, linabeba uzito kuliko maneno matupu. Mahakama inaweza pia kutaka ripoti ya uchunguzi wa kijamii kutoka kwa afisa ustawi, ambaye atatembelea nyumba zote mbili. Asiye na uwezo wa wakili aanze na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wanaelekeza namna ya kupata hati hizi na wanajua karani yupi wa kuonana naye.

Maombi yatenganishe wazi vitu viwili: umbo jipya la malipo ya mbele, na ratiba ya kulipa deni la nyuma. Baba akiomba tu "kupunguziwa", bila kukiri deni, anaonekana anakimbia. Wala asitarajie kwamba kiwango kikibadilika leo, miezi iliyokwisha kupita itahesabiwa upya.

Boti si mwajiri wa kawaida, na makato ya mshahara hapa hayana pa kushika. Badala yake baba aliandika barua kwa mwenye chombo kuruhusu fungu lake likatwe 220,000 kila mgao wa neema (Januari 150,000) na 78,000 wakati wa kusi, itumwe moja kwa moja kwa simu ya mama. Barua hii ni ya hiari, na udhaifu wake unajulikana: mabaharia huhama chombo. Ndiyo maana makubaliano yana sharti kwamba akihama, atoe taarifa ndani ya siku 7 na kuandika barua mpya.

Kila malipo yanatumwa kutoka laini yenye jina la mlipaji kwenda laini yenye jina la mama, pamoja na ya kutolea. Usipotuma na ya kutolea, mama anapokea pungufu kila mwezi, na pungufu hizo ndogo ndizo huanzisha ugomvi mpya. Halafu meseji moja inafuata, kwa mfano: "Mama watoto, 150,000 ya Novemba na 70,000 ya deni zimetumwa, na ya kutolea imo." Jibu lake: "Nimepata, baba watoto. Deni limebaki 1,180,000." Mama kutaja salio kila mara ndiyo daftari bora kuliko daftari. Wakitofautiana, watajua mwezi huohuo.

Asipolipa tena

Mama bado ana silaha zake, na ni vyema azijue kabla ya kuzihitaji. Anaweza kuomba kukaza hukumu: mali ikamatwe na kuuzwa na dalali wa mahakama, au mdaiwa awekwe kizuizini kama mfungwa wa madai. Njia hii ya pili huchaguliwa kwa hasira na watu wengi wasiojua bei yake. Anayeomba ndiye anayetakiwa kuweka fedha ya chakula cha mfungwa. Baba akiwa ndani haendi baharini, mtoto wa Makorora hapati hata 78,000, na akitoka deni liko palepale. Inafaa kwa mtu mwenye nyumba ya kupangisha na pikipiki mbili ambaye anaficha. Haifai kwa baharia aliyekosa giza mbili. Kukamata vitendea kazi nako kunakutana na ulinzi wa sheria ya mwenendo wa madai, na hata pale unapowezekana, ukiuza nyavu umeuza matunzo ya mwaka ujao.

Kutomtunza mtoto pia ni kosa chini ya Sheria ya Mtoto, lenye faini isiyozidi shilingi 5,000,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hupokea malalamiko haya. Faini, hata hivyo, inaingia serikalini. Haiingii kwenye sufuria ya watoto. Tunaitaja ili mama asiende dawati akitarajia kurudi na fedha.

Na kuna silaha moja ambayo asiishike: kuwazuia watoto wasimwone baba mpaka alipe. Hakimu hupima nani anavunja amri, na mama aliyekuwa na haki yote anaweza kufika mbele yake akiwa mkosaji wa pili. Baba naye asiseme, "Sijawaona, silipi." Mtoto ana haki ya kula na ana haki ya kumwona baba yake, na hakuna iliyo rehani ya nyingine.

Mpango ukaguliwe mara mbili kwa mwaka, wiki ya kwanza ya Oktoba na wiki ya kwanza ya Mei, upepo unapogeuka, kwa afisa ustawi yuleyule kama bado yupo. Kusi ikiwa mbaya kuliko kawaida, baba aende mahakamani kabla ya kukosa, akiwa na daftari la mgao. Mwezi mmoja wa kukosa ukielezwa mapema hueleweka, na miezi mitatu ya kunyamaza ndiyo iliyotufikisha kwenye 1,320,000.

Aprili ya msimu wa pili, 70,000 ya mwisho ikishapokelewa, mama anaandika hati fupi ya kukiri kwamba malimbikizo yote hadi Septemba ile yamelipwa, yenye tarehe, namba ya shauri na saini za wote wawili, mbele ya afisa ustawi. Nakala moja inaingizwa kwenye jalada la mahakama, moja anabaki nayo baba, moja mama. Matunzo ya mwezi yanaendelea kama kawaida, na Mei inaanza kwa 78,000.